Waranti niliyoambiwa siyo waranti niliyoandikiwa

Mhariri,

Mimi ni mchuuzi wa viazi katika Soko la Wakulima hapa Nakuru. Viazi vyangu ni vya aina ya Shangi, na navitoa Mau Narok mwenyewe kwa gari langu, siku tano kwa wiki, na sita msimu ukikolea. Naandika kwa sababu nimechoka kuyazungumza haya ya waranti na matengenezo ya magari na majirani wa kibanda peke yao, na kwa sababu kila ninayemsimulia ana lake la kuongezea. Naomba uvumilie urefu wa barua hii.

Februari 2025 nilikwenda Nairobi kununua gari. Probox aliyoniachia marehemu mume wangu, Mungu amlaze pema, ilikuwa imetufanyia kazi tangu 2017 na sasa ilikuwa imechoka. Kwenye yadi moja nikaona gari dogo la mizigo, la mkono wa pili kutoka Japani, ambalo lilikuwa halijapita miaka minane, maana likipita hapo sheria yetu hairuhusu liingie nchini. Bei ilikuwa shilingi 1,140,000. Laki saba kati ya hizo ni mkopo wa sako, na kila tarehe tano ya mwezi mkopo huo hukatwa, gari litembee lisitembee.

Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu. Nilimweleza kazi yangu tangu langoni: nabeba viazi, barabara yangu ni ya milima, nataka gari linaloweza. Akafungua mlango wa nyuma, akalaza viti, akapiga sakafu kwa kiganja. "Mama, hapa unaweka magunia nane ya kilo hamsini na bado mlango unafunga." Akayahesabu kwa kidole hewani, manne chini, manne juu yake. Kisha akasema gari lina waranti, yaani dhamana, ya miezi mitatu, injini na giaboksi. "Kitu ikiharibika wewe ni kutupigia simu tu."

Nikaletewa karatasi. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili, herufi ndogo kama punje za wimbi. Kijana akaifungua moja kwa moja kwenye ukurasa wa pili, akaweka kidole mahali pa sahihi, nami nikatia sahihi. Kosa langu hilo nalikubali. Lakini naomba wasomaji wajiulize, ni nani amewahi kuketi kwenye kiti cha plastiki ndani ya yadi, gari lake likioshwa nje, akaomba nusu saa ya kusoma kwanza?

Siku ya 47 nilikuwa napanda mlima nikiwa nimekwisha kupita Chuo Kikuu cha Egerton, kwenda Mau Narok. Gari lilikuwa tupu, isipokuwa mifuko miwili ya mbolea niliyotumwa na mkulima mmoja. Nikakanyaga mafuta, injini ikalia kwa nguvu, lakini gari haliendi. Ni kama mtu anayekimbia kwenye tope. Nikanusa kitu kimeungua. Nikaliacha lirudi nyuma taratibu hadi penye majani, nikawasha taa za hatari, nikaketi. Mita ilionyesha nimetembea kilomita 4,160 tangu siku niliyolitoa Nairobi.

Nikapiga simu kama nilivyoambiwa. Kijana yule yule akanijibu kwa ujumbe wa sauti, ambao bado ninao kwenye simu: "Pole mama, peleka kwa fundi hapo karibu aangalie kwanza, halafu utuambie ni nini." Nikakodi brekdauni kwa shilingi 6,000 hadi kwa fundi wangu upande wa reli hapa mjini, mtu wa jua kali aliyeitunza Probox miaka yote hiyo.

Nataka kueleza alichonionyesha, kwa sababu wengi wetu tunanunua magari haya bila kujua yanavyotembea. Giaboksi ya gari hili ni zile ambazo mafundi huziita CVT. Hazina gia za meno zinazobadilishana kama zile za zamani. Ndani yake kuna mkanda wa chuma, umeungwa kwa mamia ya vipande vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, na unazunguka kati ya puli mbili. Puli hizo hubana na kuachia, na hivyo ndivyo mwendo unavyobadilika. Mkanda ukibanwa sawasawa gari linakwenda kama maji. Ukianza kuteleza, chuma kinasugua chuma.

Fundi alifungua sampu, yaani chombo cha oili chini ya giaboksi, akamwaga oili kwenye beseni. Badala ya kung'aa, ilikuwa nyeusi kama maji ya sufuria iliyoungua. Chini ya sampu kuna sumaku ndogo zinazowekwa makusudi ili zinase vumbi la chuma. Kwa kawaida, aliniambia, unazikuta na utando mwembamba wa kijivu. Za gari langu zilikuwa zimeota nywele. Akachota kidogo kwa kidole, akanipaka kwenye kiganja, nikahisi vumbi hilo linakwaruza kama mchanga wa mto. Kisha akanusa oili tena na kusema, "Mama, hii si oili yake. Hii ni ile ya giaboksi za otomatiki za kawaida. CVT ina yake, na ukikosea unaiua polepole."

Sasa tazama jambo hili. Siku ninalichukua gari, yadi iliniambia limefanyiwa sevisi kamili. Juu ya kifuniko cha injini wamebandika sitika yao yenye jina lao, tarehe, na alama ya tiki kwenye oili ya injini, filta na oili ya giaboksi. Siwezi kuapa kwamba nilimwona aliyeimimina. Lakini sitika ni yao, na tangu nilitoe Nairobi hakuna mtu mwingine aliyeligusa.

Nikapanda matatu kwenda Nairobi nikiwa na picha na chupa ndogo ya oili ile. Meneja ni mtu mpole. Alinikaribisha chai, akatoa nakala ya karatasi yangu, akachukua kalamu na kuanza kuipitisha mstari kwa mstari, huku akinitafsiria. Waranti ni ya miezi mitatu au kilomita 5,000, chochote kitakachotangulia. Haigusi vitu vinavyolika kama breki pedi, shoki, bushi, betri na balbu. Haigusi mitambo ya umeme wala sensa. Gari liletwe yadini kwa gharama ya mwenyewe. Waranti inakufa iwapo fundi mwingine amefungua sehemu yoyote ya injini au giaboksi. Kisha kalamu ikafika mstari wa mwisho wa ukurasa wa kwanza, ule ambao kijana aliuruka: waranti haitumiki kwa gari linalofanya biashara.

Nikamwambia kijana wako ndiye aliyenihesabia magunia. Nikamwekea ule ujumbe wa sauti wa kunituma kwa fundi. Akausikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu chini. "Mama, naelewa. Lakini mimi nafuata karatasi."

Mhariri, nimelifikiria neno hilo usiku mwingi. Karatasi imeandikwa na yeye. Imechapishwa na yeye. Anayeieleza kwa mdomo ni mfanyakazi wake, na anachoeleza ni kingine. Mimi nilinunua kile cha mdomo kwa sababu ndicho pekee nilichopewa nafasi ya kukijua.

Hata tukiacha mambo ya biashara na kufungua sampu, hebu tupige hesabu ya zile kilomita. Kutoka sokoni hadi kwa wakulima wangu Mau Narok na kurudi ni kama kilomita 100, zaidi kidogo nikiingia mashambani. Safari 50 zinamaliza kilomita 5,000. Kwa mtu anayesafiri siku tano au sita kwa wiki, hiyo ni wiki nane hadi kumi tu. Kwa hiyo ile miezi mitatu ilikuwa ya mtu anayeendesha gari kwenda kanisani na kurudi. Kijana alijua kazi yangu na alijua barabara yangu, na bado aliitaja miezi pekee.

Wapo watakaosema, gari la mkono wa pili utalidai waranti gani? Mtengenezaji wake alilitolea dhamana huko Japani, kwa mnunuzi wa kwanza, na dhamana hiyo haivuki bahari na gari. Anayelileta hapa analinunua kwenye mnada kama wewe, hajui lilivyoendeshwa. Nakubali. Mwenye yadi akinieleza waziwazi kwamba hawezi kulibebea dhamana gari hili, nitamheshimu, nitapunguza bei ninayompa, nitaweka akiba ya kutengeneza, na tutaachana kwa wema. Kinachoniuma ni dhamana inayotajwa ili ninunue, kisha inafichwa ili nisidai.

Nirudi kwa bei, kwa maana pesa ndizo zilizonifikisha hapa. Mimi huandika kila kitu kwenye kaunta buku. Marehemu ndiye aliyeanza, na baada yake nimeendelea. Mwaka wa 2017 sevisi ya Probox, yaani oili ya injini na filta zake, ilikuwa shilingi 3,500, fundi akiwa ndani. Breki pedi za mbele 1,800. Januari 2024 sevisi ile ile ilikuwa 7,000 na pedi 3,200. Wakati huo shilingi yetu ilikuwa imeporomoka, dola moja inakimbilia 160, na kila muuzaji wa spea alikuwa na jibu moja: "Ni dola, mama." Sikubishana. Spea hazilimwi Njoro, zinaagizwa kwa dola. Na mwaka uliotangulia, 2023, ushuru wa kuingiza magari ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye petroli ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Watu wakaacha kubadilisha magari, wakakumbatia ya zamani, na magari ya zamani yanakula spea.

Lakini mwaka huo huo wa 2024 shilingi ilirudi, dola ikashuka hadi karibu 130. Nikasubiri pedi nazo zirudi. Ukurasa wa 2025 unasema 3,400. Nilimuuliza muuzaji kwa upole kabisa, ile dola imekwenda wapi? Akasema stoki hii ni ya zamani. Miezi sita baadaye bado ilikuwa ya zamani.

Na kadiri magari yanavyozidi kuwa ya kompyuta, gharama inaanza kabla fundi hajashika spana. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, unalipa kwanza ya kupima kwa mashine. Mashine inataja sensa, inabadilishwa, taa inawaka tena, inatajwa sensa nyingine. Fundi mwaminifu atakuambia mashine huonyesha mahali panapolia, haionyeshi kila mara kinachouma. Asiye mwaminifu atakubadilishia moja moja hadi mfuko ukauke.

Dada yangu anaishi Mamboleo, Kisumu, na ana gari dogo la kumpeleka kazini. Mwaka jana alilipeleka kwenye gereji kubwa ya mjini kwa sababu ya mtetemo. Akaambiwa kwa simu itafika shilingi 28,000. Akakubali. Siku ya kulichukua, bili ilisema 61,000. Wamebadilisha vitu vinne ambavyo hakuwahi kuulizwa, na vile vya zamani alivyoomba aonyeshwe vilikuwa "vimetupwa." Gari likakaa nyuma ya geti lao siku tisa hadi alipokopa kwenye chama. Alilia kwenye simu, na dada yangu si mtu wa kulia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa limenifanya nishike kalamu. Kuna karani wa wakili ambaye hununua viazi kwangu kila Ijumaa. Nilipomsimulia, aliniuliza kama nimewahi kusikia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012. Sikuwa nimesikia. Wiki iliyofuata akaniletea nakala aliyoipiga chapa, na binti yangu akanisomea jioni mbili mezani, tukitafsiri pamoja. Ndani yake kuna sehemu nzima ya kutengeneza magari. Mhariri, sehemu nzima! Inasema fundi asitoze kazi ambayo hajakupa makadirio yake kwanza, isipokuwa wewe mwenyewe umeyakataa na mkakubaliana kiwango cha juu asichokipita. Inasema akishakupa makadirio, bili isizidi makadirio hayo kwa zaidi ya asilimia 10. Inasema asikutoze kazi ambayo hujaidhinisha. Inasema akurudishie vipuri vya zamani alivyovitoa, usipokuwa umemwambia huvihitaji. Na inasema kila spea mpya au iliyofanywa upya anayokufungia, pamoja na kazi ya kuifunga, ina dhamana ya siku 90 au kilomita 5,000, ipi itangulie, hata kama hakukutajia dhamana yoyote.

Binti yangu alipofika kwenye asilimia 10 nilimwomba asome tena. Tukachukua ile 28,000 ya dada yangu, tukaongeza 2,800. Bili yake ilipaswa kukomea 30,800. Alilipa karibu mara mbili ya hiyo, kwa mkopo, huku sheria ikiwa upande wake na hakuna aliyemwambia. Nilipompigia nilisikia amenyamaza muda mrefu.

Katiba nayo, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na alichonunua. Na karani aliniambia kwamba katika Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotakia kitu, na akategemea ujuzi wa muuzaji katika kuchagua, kitu hicho kinatakiwa kifae kwa kazi hiyo. Nikakumbuka yale magunia nane hewani.

Ajabu ni kwamba mtu pekee niliyemwona akiifuata sheria hii ni fundi wangu wa jua kali, ambaye hajawahi kuiona. Yeye aliniandikia makadirio kwenye kipande cha katoni, kwa peni, kabla hajalegeza nati hata moja: giaboksi, oili, kazi, jumla. Aliponiomba niongeze kopo moja la oili alipiga simu kwanza. Na kazi ilipokwisha alinipa giaboksi ya zamani ndani ya gunia langu mwenyewe la viazi na kusema, "Yako hii, mama, usije ukasema nimeiuza." Nilimwuliza akipata shida je, gari likirudi na kasoro? Akasema, "Kazi yangu ikirudi nairudia." Gereji zenye vigae sakafuni na kiti cha kungojea hazijanipa hata nusu ya hayo.

Giaboksi nyingine, iliyotumika, nililetewa kutoka Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, kule wengi wanakoita Grogan hadi leo. Shilingi 92,000. Duka la kwanza nililopiga simu lilinipa waranti waliyoiita ya kuwasha: ikifungwa, gari likiwaka na kutembea, tumemalizana. La pili likanipa wiki mbili, nikachukua hapo. Chini ya risiti yao pameandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Maneno hayo yako kwenye kila risiti nchini, hadi tumeyazoea kama namba ya simu ya duka. Tunayasoma kana kwamba yamepitishwa na Bunge.

Kwa hiyo giaboksi 92,000, oili yake sahihi 11,200, kazi 14,000 na brekdauni 6,000. Jumla 123,200. Siku gari lilipokuwa limelala nilikodi pikapu mara 18 kwa shilingi 4,500 kila safari, kwa sababu mteja wa viazi hangojei. Ukikosekana siku tatu amekwenda kibanda cha pili. Hiyo ni 81,000 nyingine. Binti yangu alikuwa aanze chuo Mei. Ameahirisha hadi Septemba, na hakunilaumu hata siku moja.

Ninachoomba si kikubwa. Wenye yadi wataje mipaka ya waranti kwa mdomo ule ule wanaoutumia kutaja waranti yenyewe. Wakisema miezi mitatu, waseme na kilomita. Wakijua mtu anabeba viazi, mkaa au abiria, wamwambie papo hapo kama karatasi yao haimhusu, kabla hajatuma pesa. Na karatasi iwe na Kiswahili. Katiba ile ile, kifungu cha 7, imeifanya lugha hii kuwa ya taifa na pia lugha rasmi, na ni lugha aliyotumia kijana yule kunishawishi. Kama alijua Kiswahili cha kuniuzia, basi na kile cha kunitahadharisha anakijua.

Kwa upande wa gereji, sheria ya 2012 tayari inataka mabango ya kumjulisha mteja. Nimezunguka gereji sita hapa Nakuru wiki iliyopita nikitafuta bango kama hilo. Nilikuta kalenda, picha za magari ya mashindano, na maandishi ya "hakuna mkopo." Maafisa wanaokuja kukagua leseni za kaunti wanaweza kuangalia ukuta huo huo. Haiwagharimu hata dakika.

Na kwako, Mhariri, nina ombi. Chapisha sehemu ile ya sheria kwa Kiswahili rahisi, hata robo ukurasa: makadirio, asilimia 10, ruhusa, vipuri vya zamani, siku 90. Watu wataikata na kuiweka kwenye droo ya gari. Mimi nitanunua nakala 20 siku hiyo, na nitampa kila dereva wa pikapu pale sokoni.

Mimi mwenyewe niliiandikia yadi barua ya madai na kuwapa siku 14. Siku ya 13 walipiga simu, wakanipa pole na shilingi 20,000 za kusahau. Nimekataa. Karani ameniambia Mahakama ya Madai Madogo husikiliza kesi zisizozidi shilingi milioni moja, kwamba hazitakiwi kuzidi siku 60, na kwamba sihitaji wakili, naweza kujisemea. Jumatatu sitakwenda Mau Narok. Nitafunga kibanda na kwenda mahakamani nikiwa na kaunta buku, ile sitika ya sevisi niliyoibandua taratibu kwa maji ya moto, simu yenye sauti ya yule kijana, na ule mkanda wa chuma, ambao fundi ameusafisha na kuufunga kwa kamba ili vipande visimwagike.

Mchuuzi wa viazi,
Soko la Wakulima,
Nakuru